Barua ya wazi kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar: Fedha ya tamasha ihesabiwe

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Mji Mkongwe Februari 2004, huendeshwa na asasi isiyogawana faida. Viingilio na fedha za wafadhili huishia kwa wasanii, mafundi sauti, walinzi, wachapaji mabango na nyumba za kulala wageni. Matumizi hayo ni mepesi kuhesabu, kwani yamo katika vitabu vya asasi yenyewe. Yasiyoandikwa popote ni ya mgeni anayetoka Ngome Kongwe usiku wa manane, akala mishikaki Forodhani, akapanda teksi, na kesho yake akaongeza siku mbili za Nungwi.

Marekani hupimwa yote mawili. Utafiti wa Americans for the Arts wa mwaka 2022, uliokusanya taarifa katika maeneo 373 na kukadiria nchi nzima, ulipata dola bilioni 151.7: asasi za sanaa zilitumia bilioni 73.3, watazamaji wao bilioni 78.4. Mbali na kiingilio, mtazamaji mwenyeji alitumia wastani wa dola 29.77, aliyetoka nje ya eneo, dola 60.57.

Tarakimu hizo hazihamishiki Zanzibar, na hata huko zilikotoka zinahitaji kuchujwa. Mkazi wa Mwanakwerekwe anayelipa kiingilio huenda angeitumia fedha hiyo hiyo harusini. Kisiwa hakikuongezewa kitu. Mtalii ambaye angekuja hata bila muziki, maana Februari ni kaskazi na hoteli zina watu, naye hahesabiwi. Kisha kuna uvujaji: mvinyo wa hotelini huagizwa ng'ambo, na bei yake hurudi huko. Shilingi ya muuza urojo, anayenunua viazi na ndimu Darajani, hupita mikono mingi kabla ya kuvuka bahari. Waandaaji wa matamasha, popote walipo, hupenda kuruka michujo hii, na hesabu isiyochujwa haitamshawishi mtu wa hazina.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea 2017. Takwimu za wageni wa Februari kwa miaka 2015, 2016 na 2017 zikiwekwa bega kwa bega zitatoa ulinganisho ambao mtafiti asingeweza kuupanga mwenyewe. Tahadhari inahitajika, kwani Februari 2016 visiwa vilikuwa vikisubiri uchaguzi wa marudio wa Machi, na siasa nayo hufukuza watalii.

Dodoso halipimi kila kitu. Kijana aliyejifunza kanuni au udi katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi huanza kulipwa miaka mingi baadaye, akipiga taarabu hotelini, na hakuna risiti inayomuunganisha na darasa lake.

Kinachoombwa kwa Ofisi ni maswali matatu katika dodoso la wageni wanaoondoka Februari, uwanja wa ndege na bandarini: je, tamasha ndilo lililowaleta, waliongeza siku ngapi kwa ajili yake, walitumia kiasi gani nje ya hoteli. Wachuuzi wa Forodhani nao waulizwe mauzo ya wiki ya tamasha na ya wiki iliyotangulia. Matokeo yachapishwe, yawe makubwa au madogo, kabla Baraza la Wawakilishi halijajadili bajeti.