Mwanafunzi wa Uhandisi wa Umeme Si Tarishi

Februari 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ilianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa. Mradi huo ulipangiwa mashine tisa, kila moja yenye uwezo wa megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na hatimaye Dodoma. Wananchi walifurahi, na walikuwa na kila haki ya kufurahi. Lakini mashine huchakaa, na nyaya huungua. Swali linalolikabili Taifa ni hili: nani atakayevitunza vyombo hivyo kwa miaka hamsini ijayo?

Wengi watajibu upesi kwamba kazi hiyo ni ya vyuo vikuu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo mikononi mwa watumishi wa umma, yaani wakuu wa idara, wasimamizi wa karakana na maofisa utumishi ambao kila mwaka huletewa vijana wa uhandisi kwa ajili ya mafunzo ya vitendo.

Inafaa kukumbuka nchi ilikotoka. Zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, uhandisi ulifundishwa Nairobi, na Mtanzania aliyetaka shahada hiyo alilazimika kwenda huko au ng'ambo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo chake cha Uhandisi, na umeme ulikuwa miongoni mwa fani za mwanzo. Tangu hapo mwanafunzi husoma kwa miaka minne, na katika vipindi vya likizo hupelekwa kazini kwa majuma kadhaa. Utaratibu huo haukuwekwa ili kumpa kijana matembezi. Uliwekwa kwa sababu yako mambo ya uhandisi wa umeme ambayo hayawezi kufundishwa mahali pengine popote isipokuwa kazini.

Mfano mmoja unatosha. Umeme wa Kidatu, kituo kilichoanza kuzalisha mwaka 1975, husafirishwa kwa msongo wa volti 220,000. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kueleza sababu yake kwa hesabu. Umeme wa kiasi kile kile ukisafirishwa kwa volti 33,000, mkondo katika waya huwa mkubwa zaidi ya mara sita. Na kwa kuwa upotevu hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, nishati inayopotea katika waya ule ule huwa zaidi ya mara arobaini. Hesabu hiyo ni ya lazima. Asiyeijua si mhandisi.

Lakini mpeleke kijana huyo huyo kwenye kituo cha kupozea umeme ambako laini moja imezimika. Pale anatakiwa kujua ni swichi ipi ifunguliwe kwanza, nani aifunge kwa kufuli ili mwingine asiiwashe, kwa chombo gani ahakikishe kwamba waya umekufa kweli, na namna ya kuufunga waya huo na ardhi kabla mkono wa mtu haujaugusa. Atatakiwa pia kuisikiliza transfoma na kutambua mvumo wake wa kawaida na ule wa maradhi. Katika mtihani jibu likikosewa, mwalimu hupunguza alama. Katika kituo hatua moja ikirukwa, mtu hufa na wilaya nzima hulala gizani.

Hali ilivyo katika baadhi ya ofisi inasikitisha. Kijana anafika na barua yake, anapokewa kwa ukarimu, kisha anapewa kiti karibu na masijala. Juma la kwanza anapanga mafaili. Juma la pili anapiga fotokopi. Juma la tatu anatumwa kupeleka barua jengo la jirani. Siku ya mwisho daftari lake la mafunzo linatiwa saini kurasa zote kwa mara moja, na mtia saini hasomi hata mstari. Kazi ya tarishi ni kazi halali na yenye heshima, lakini Taifa halikumsomesha kijana huyo hisabati na fizikia kwa miaka mingi ili aje ajifunze kazi hiyo.

Wasimamizi wana sababu zao, na haifai kuzipuuza. Wanasema umeme ni hatari, mitambo ni ya gharama kubwa, na mafundi wamezidiwa na kazi. Yote ni kweli. Hata hivyo, hatari ni sababu ya kumsimamia mwanafunzi, si sababu ya kumficha. Kijana aliyefichwa leo atarudi baada ya miaka miwili akiwa na shahada, na pengine atapewa mamlaka ya kuamuru swichi ile ile ifungwe au ifunguliwe. Gharama ya kumfundisha wakati huu ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kosa lake wakati ule.

Wapo pia wanaosema kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuiga saketi yoyote, hivyo karakana si lazima. Programu hizo zina manufaa makubwa, hasa pale ambapo vyombo vya maabara ni vichache na wanafunzi ni wengi. Lakini kompyuta haina kutu, haiingiwi na maji ya mvua, wala haimwonyeshi mwanafunzi nati iliyolegea na kuunguza kiungo. Hitilafu nyingi za kweli ni za namna hiyo.

Fikra ya kuunganisha masomo na kazi si ngeni nchini. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliieleza katika Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini hoja iliyouzaa haijafa: msomi asiyeijua kazi ni mzigo kwa wanaoifanya.

Wanafunzi nao hawana budi kujirekebisha. Wapo wanaoona haya kuvaa ovaroli, na wapo wanaodhani kwamba fundi mchundo hana la kumfundisha mwenye shahada. Hiyo ni kasumba. Fundi aliyepanda nguzo kwa miaka ishirini anazijua tabia za laini yake kuliko mchoro wowote, na wahenga walisema ujuzi hauzeeki.

Walimu wa sekondari wana sehemu yao, tena ya mwanzo kabisa. Betri, balbu, vipande vya waya na mita ndogo ya kupimia vinatosha kumwonyesha mtoto wa kidato cha pili kwamba sheria ya Ohm ni jambo linalotokea mezani, mbele ya macho yake. Mtoto aliyekariri tu hufika Chuo Kikuu akiuogopa waya au, vibaya zaidi, bila kuuogopa kabisa.

Linalotakiwa kufanywa halihitaji bajeti mpya. Kila idara inayopokea wanafunzi wa uhandisi wa umeme imteue mtu mmoja anayejulikana kuwa msimamizi wao, na kazi hiyo ihesabiwe katika tathmini yake ya mwaka. Daftari lisainiwe kila juma, baada ya kijana kuulizwa maswali juu ya alichokiandika. Mhadhiri anapokuja kukagua, aende hadi karakana na kuzungumza na fundi, asiishie kwa ofisa utumishi. Na kila mwanafunzi, kabla hajaondoka, aeleze hitilafu moja aliyoshuhudia ikitafutwa, ikapatikana na kurekebishwa.

Mabwawa, laini na reli vimejengwa kwa fedha za wananchi, na wananchi wataendelea kuvilipia. Mtumishi anayempeleka mwanafunzi karakani badala ya masijala anailinda mali hiyo. Barua za mafunzo zitakapofika mezani kwake msimu ujao, azisome akikumbuka hivyo.