Nembo ya RS, injini ya AS: eti nani ataangalia?

Nimerudi Mkwawa juzi usiku kutoka Tunduma nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimechoka, lakini nikilala na hili litanipasua kifua, kwa hiyo leo nalitema.

Mtu aliyekulia Tunduma anajua magari kuliko anavyowajua binamu zake. Kila siku yanatoka bandarini Dar, yanapita Iringa hapa, Mbeya, Vwawa, yanavuka Nakonde kwenda Zambia na Kongo. Tunayaita IT. Sasa kaka yangu, anayefanya kazi za forodha pale mpakani, amechoka kuvusha magari ya wenzake. Anataka lake, na anataka la spoti: Toyota Altezza.

Altezza sina ugomvi nayo. Ilitoka Japani mwaka 1998, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kule kwao, na zile taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima. Iliacha kutengenezwa mwaka 2005, kwa hiyo "mpya" kwetu ni mpya wa kuagiza, ukiona tangazo na picha kumi unalipa unasubiri meli. Ugomvi wangu ni gredi.

Kwa asiyejua: kuna AS200 na kuna RS200. AS200 ina injini ya pistoni sita, 1G-FE, nguvu za farasi 160. RS200 ina pistoni nne, 3S-GE, na ile ya gia za mkono inafika farasi 210. Ukisimama nje zinafanana kama mapacha, tofauti iko chini ya boneti. Na tofauti hiyo alishaichagua Mjapani mmoja siku aliyoinunua gari dukani, miaka ishirini na kitu iliyopita. Wewe wa Tunduma huchagui gredi, unachagua alichochagua yeye. Ukikosea hapo hakuna duka la kwenda kuongezewa farasi hamsini.

Basi kaka akanionyesha tangazo. Bei nzuri, rangi nzuri, nyuma imeandikwa RS200. Nikamuuliza, namba ya chesisi umeisoma? Inaanza na GXE10. Jamani, GXE10 ni AS200! RS200 inaanza na SXE10. Nembo unaweza kuinunua ukaibandika kwa gundi, namba ya chesisi huibandiki.

Nikadhani atashtuka. Akacheka! "Mwalimu, najua. Si ndiyo maana bei imeshuka? Nembo ipo, nani ataangalia?"

Hapo ndipo damu ilipochemka, na hapa ndipo ninapotaka kubishana na kila kijana mwenye mawazo ya kaka yangu, na mko wengi.

Kwanza, TRA wataangalia, na wao hawasomi nembo. Ushuru wa bidhaa unakwenda kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 ukizidi cc 1000 mpaka cc 2000 na asilimia 10 ukizidi hapo. AS ina cc 1,988 na RS ina 1,998, zote kapu moja. Juu yake kuna nyongeza ya uchakavu kwa sababu ya umri wa gari. Serikali haikutozi sifa. Kaka hili analijua kuliko mimi, ndiyo kazi yake.

Pili, fundi ataangalia. Siku gari ikizima Mlowo na ukamwambia kijana akalete spea za RS200, ataleta za pistoni nne aje akute sita. Nauli yako, muda wako, aibu yako.

Tatu, atakayeinunua kwako baadaye. Huyo utamwambia nini? Ukinyamaza umemwibia. Ukisema kweli, nembo ilikusaidia nini?

Msinielewe vibaya, simwambii anunue RS. Ile injini ina mgandamizo mkubwa, 11.5 kwa 1, Toyota waliitaka inywe petroli ya oktani ya juu. Na hiyo gari ndiyo itampeleka mama kliniki, kutoka kijijini Mbozi kwenye vumbi na mashimo mpaka lami yenye matuta na malori. AS inatosha kabisa! Nunua AS, ing'oe hiyo nembo, tembea kifua mbele. Toyota wenyewe mwaka 2012 walipotoa ile 86 waliweka gredi ya RC, rimu za chuma, bampa bila rangi, hata kiyoyozi hamna, na watu waliinunua bila haya kwa sababu walijua wanachotaka kuifanyia. Gredi ya chini si dhambi. Dhambi ni kuivalisha jina la mwenzake.

Na kilichoniuma zaidi sikumwambia. Sehemu ya hela ile ni ya kahawa ya mama. Mama haijui AS wala RS. Aliniuliza jambo moja tu, "Ni gari ya kweli hiyo?" Nikamjibu ndiyo mama. Nilidanganya nusu.

Wiki hiyo hiyo nilimkamata mwanafunzi wa kidato cha pili amenakili jaribio zima la jirani yake, mpaka jina. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, nilijua huangalii." Nilimpa sifuri. Sasa kaka yangu nimpe ngapi?

Analipa Ijumaa. Nimemtumia ujumbe mmoja tu: kaka, lipa, ila ikifika bisibisi nakuja nayo mimi. Mpaka naandika hapa hajajibu.

Tuko pamoja wadau. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, acha nilale.