Kabare ya Buterere na Mfuko wa Nyumba

Buterere ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika bonde la Imbo, karibu na uwanja wa ndege ambao tangu mwaka 2019 huitwa kwa jina la Melchior Ndadaye. Mji upanukapo, viwanja hupanda bei. Mwenye fedha hununua na kujenga ukuta, na baraza la wanywaji husogezwa pembeni.

Nchini Burundi kilabu cha pombe huitwa kabare. Vinywaji vya asili ni urwarwa, yaani maji ya ndizi mbivu yaliyotiwa unga wa mtama na kuachwa yachachuke, na impeke, pombe ya mtama. Kwa desturi wanywaji hukizunguka chungu kimoja, wakivuta kwa mrija uitwao umuheha. Kupokea mrija wa jirani ni ishara ya kuaminiana. Bia ya chupa, ambayo kiwanda cha Brarudi kilianza kuitengeneza katika miaka ya 1950, kila mtu hunywa peke yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Askari aliye likizoni akiingia humo, na awaamkie wazee kwanza, akae alipoonyeshwa. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, mshahara uwe umekwisha kugawanywa: chakula, kodi, ada ya shule. Kinachobaki ndicho cha kabare. Mama mpika pombe naye ana watoto wanaokitegemea chungu hicho; alipwe papo hapo, asikopwe.

Ukuta waweza kuliondoa baraza. Ujirani hauondoki, ila wenyewe wakiutupa.