Daraja la Pangani linakuja, mlango wa mto nani anautazama?

Nahodha anayetoka Unguja kwenda Pangani hajipangii saa ya kuingia. Mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga, na fungu hilo halikai mahali pamoja: masika yakijaza mto linasogea huku, kusi ikivuma linasogea kule. Chombo hungoja nje, tanga limekunjwa, mpaka maji yajae. Siku za bamvua hakuna shida kubwa. Siku za maji mafu, jahazi lililoshiba mzigo linaweza kukwama mchana kutwa huku wachuuzi wakilitazama kutoka forodhani.

Fungu hilo ndilo linaloamua uchumi wa mji huu. Pangani imekaa ukingo wa kaskazini wa mto, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Tanga mjini. Ng'ambo ni Bweni, na kati yao kinapita kivuko kinachobeba watu, baiskeli, magari na mbuzi. Upande wa bahari, pwani ya kaskazini ya Unguja haizidi sana kilomita 50. Unguja ina wakazi wengi na hoteli nyingi, na chakula kingi inanunua bara. Nazi na matunda ya Pangani yana soko kule, na njia iliyo karibu ni maji.

Mji umewahi kuachwa njiani. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa na mitambo ya kukamua sukari. Ni hapa kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kupandisha bendera yake mwaka 1888, wenyeji wakainuka, na ni hapa Abushiri bin Salim aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Baada ya vita likaja pigo la kimyakimya. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, penye ghuba yenye kina, na kufikia miaka ya 1911 na 1912 reli hiyo ilikuwa Moshi. Mizigo ya misafara ikahamia kwenye mabehewa. Pangani ikabaki na mkonge, zao ambalo Dk. Richard Hindorf alilileta mwaka huohuo wa 1893: katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutoka miche hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Faida kubwa, hata hivyo, ilipitia bandari ya Tanga.

Sasa inajengwa barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Anayelipinga daraja hili hajawahi kukaa Mwera, ng'ambo ya mto, na mgonjwa usiku. Hospitali ya wilaya iko mjini, na mama mwenye uchungu wa uzazi hapaswi kutegemea kama pantoni iko upande huu au ule. Watalii wa Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, watafika kwa urahisi. Samaki watafika Dar es Salaam wakiwa bado na macho ya kung'aa.

Hapo kwenye samaki ndipo penye hoja. Reli iliupita mji huu kwa mbali. Barabara itaupita katikati, lakini kupitwa ni kupitwa. Leo kivuko kinawalazimisha watu kusimama. Anayesubiri kuvuka hununua chai, pweza na viazi, hujaza vocha, humuuliza mtu bei ya nguru. Gari likianza kuvuka darajani bila kusimama, biashara hiyo ya ukingoni itapungua, na wa kwanza kuumia ni mama lishe na kijana mwenye karai lake la kukaangia. Kitakachobakia kuwafanya watu waje Pangani, badala ya kupita Pangani, ni bandari yake.

Nayo bandari inahitaji nini? Si kikubwa. Serikali imetumia Sh429.1 bilioni kuboresha bandari ya Tanga, kina kikachimbwa hadi mita 13 ili meli kubwa zifunge gatini, na ilikuwa haki kufanya hivyo. Pangani haidai meli. Inadai gati imara la majahazi na mashua, ghala lenye paa la kuhifadhia nazi na mizigo mvua isipate, kiwanda cha barafu, na maboya ya kuonyesha njia mlangoni kila fungu linapohama. Barafu peke yake ingebadilisha mengi. Mvuvi asiye na barafu hana sauti mbele ya mnunuzi: jua likipanda, bei inashuka, na mwenye gari la baridi anajua kwamba akivuta subira saa moja zaidi atapewa kwa nusu. Daraja litaleta wanunuzi wengi zaidi wa namna hiyo. Bila barafu, litawaletea wavuvi foleni ya watu wa kuwasubiri wachoke.

Kipumbwi, kusini zaidi, hali ni ya chini kuliko hiyo. Abiria wa Unguja hupandia ufukweni, suruali imekunjwa magotini na mtoto mabegani. Mamlaka ya Bandari inazijua bandari hizi ndogo. Kuzijua tu hakutoshi.

Kuna jambo la pili, nalo haliwezi kutatuliwa Pangani. Mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unakusanyika Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani mpya yenye megawati 68, unamwagilia miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na mpunga wa vijiji vingi, na tangu Machi 2025 unawapa pia maji watu wa Same na Mwanga kupitia mradi uliosubiriwa miaka mingi. Hakuna wa kuwanyima watu hao maji ya kunywa. Lakini mto ukipungua, bahari haipungui: maji ya chumvi hupanda juu na kuingia mashambani, minazi hudhoofika. Mabwawa nayo hushika mchanga ambao zamani ulikuja kujazia fukwe. Kisiwa cha Maziwe, kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kilikuwa na mivinje na kasa wengi waliokuja kutaga. Miti imekwisha zamani, na leo ni tuta la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Sababu za Maziwe ni mchanganyiko, ila pwani nzima hapa inaliwa, na mji umelazimika kujengewa ukuta.

Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, hugawa maji kwa vibali. Mkulima wa juu ana kibali, kiwanda kina kibali, mtambo una kibali. Mlango wa mto unapaswa kuwa na fungu lake lililoandikwa, kwa kiwango kinachopimwa kila msimu na kutangazwa Pangani kwenyewe, kwenye ubao ambao nahodha na mkulima wa minazi wanaweza kuusoma. Mbunge wa Pangani, Jumaa Aweso, ameongoza Wizara ya Maji tangu Desemba 2020. Ni mara chache mtu wa mlangoni mwa mto kushika ufunguo wa mto mzima, na wapiga kura wake wana haki ya kumuuliza kuhusu hilo.

Halmashauri isisubiri utepe wa daraja ukatwe ndipo iitishe kikao. Gati, barafu, maboya na mgao wa maji ya mlango wa mto viingizwe kwenye bajeti wakati mafundi bado wako kazini, na wavuvi na manahodha waitwe mezani kabla ramani ya mwisho ya barabara za kuingilia mjini haijapitishwa.