Kabla Ununue Shamba, Lala Hapo Septemba

Wasee, leo tuongee ukweli. Kila nikifungua simu usiku kuna mtu wa rika letu amesimama mbele ya nyumba ya mabati na paneli mbili za sola. Ana kuku, ana sukuma, anasema ametoroka Nairobi na hakumbuki mara ya mwisho alinunua tokeni za stima. Na mimi naitaka hiyo maisha, sitadanganya. Mimi na marafiki zangu watatu tuna chama cha shamba, kila mtu elfu tano kila mwezi, na kufikia mwezi wa tano mwaka huu tulikuwa na laki nne na themanini. Hiyo ni miaka miwili ya kukataa viatu, nyama choma na kurudi nyumbani na Uber.

Sasa maoni yangu ni haya: sisi vijana tukipanga shamba tunaanzia mahali pabaya. Tunaanza na bei, tunaruka kwa hati, halafu tunabishana kuhusu sola. Maji tunayaweka mwisho kabisa, "si tutachimba kisima tu." Naona hatua ya kwanza haihitaji hata laki moja. Inahitaji nauli, blanketi, na kwenda kulala hapo mwezi ambao kila kitu kimekauka.

Sikujua hivi kwa akili yangu. Mwezi wa tano tulipanda gari la bure la wauzaji, tukapewa soda na mkate, tukapelekwa upande wa Kajiado. Kulikuwa kijani hadi unaweza kulia. Nyasi mpaka magotini, vipepeo, mlima kwa mbali. Jamaa wa mauzo akatuambia bei inapanda Ijumaa. Mmoja wetu alikuwa tayari kutuma dipoziti kwa simu papo hapo, tukiwa bado tumesimama kwenye ploti. Tuligombana kwa gari njia yote ya kurudi. Nikaomba tungoje tu.

Septemba tukarudi wenyewe, kwa matatu na boda, na tukakodisha chumba karibu na soko siku mbili. Wueh. Zile nyasi hazikuwepo. Upepo unabeba vumbi mpaka linaingia kwa chai. Njiani tulikutana na mama mmoja na punda wawili, mitungi minne kila punda. Tukamsalimia, tukamuuliza maji yanatoka wapi. Akatuangalia kwanza, halafu akasema, "Wanangu, nimetoka saa kumi na moja asubuhi." Ilikuwa saa nne. Akaongeza kwamba hayo maji yana chumvi, ya mifugo na kufua, ya kunywa ni ya kununua kwa lori. Hakuna mtu wa mauzo alikuwa ametaja lori.

Usiku huo tukafanya hesabu, na hii hesabu kila mtu anaweza kufanya akiwa kwa keja yake. Milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja ya mraba ya paa inakupa lita moja. Tuseme nyumba yako ya kwanza ina paa la mita 50 za mraba, na mahali hapo mvua ya mwaka ni milimita 500. Hiyo ni lita 25,000. Toa zinazomwagika na zile za kwanza zinazosafisha paa, ubaki na kama 20,000. Gawanya kwa siku 365: lita 55 kwa siku. Ni chini ya mitungi mitatu ya lita 20. Mitungi mitatu ya kunywa, kupika, kuoga, kufua na kunawa, kwa watu wawili, na hapo hatujagusa kuku wala sukuma. Ile bustani ya kwenye video inakunywa nini?

Na mvua haiji kila siku kidogo kidogo. Inakuja mwezi wa tatu hadi wa tano, inapotea, inarudi mwezi wa kumi. Kwa hivyo tangi lako lazima lishike maji ya miezi minne au mitano ya ukavu. Watu wawili wakitumia lita 80 kwa siku, kwa siku 135, ni lita 10,800. Ukinunua tangi la lita 2,000 kwa sababu ndilo liko kwa ofa, mwezi wa saba utakuwa unapigia dereva wa lori simu kila wiki kama mpenzi wako.

Najua kuna mtu atasema kisima. Sawa. Kisima kirefu kinahitaji mtaalamu apime kama kuna maji chini, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, halafu mashine. Unaweza kulipa pesa nyingi kuliko ulizonunulia ploti, ukapata maji ya chumvi, au yenye floraidi ile inayofanya meno kuwa kahawia, ambayo watu wa Bonde la Ufa wanaijua vizuri. Waulize majirani wachimba futi ngapi na walipata nini. Majirani hawana kamisheni.

Sola ndiyo kitu rahisi kabisa katika hii hadithi yote, na ndiyo tunaiongelea sana. Paneli unaweza kuongeza ukipata doh. Mvua huwezi kuongeza.

Kuhusu karatasi nitasema haraka, si kwa sababu ni kitu kidogo. Oktoba 2023 nyumba za watu zilibomolewa Mavoko baada ya korti kusema ardhi ni ya kampuni ya saruji, na wengi walikuwa na karatasi mkononi na nyumba za mawe zimekamilika. Kwa hivyo fanyeni sachi nyinyi wenyewe, msikubali picha ya sachi kwa WhatsApp. Tafuteni saveya wenu aonyeshe bikoni ziko wapi. Kama ni shamba la kilimo, mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo, na ombi lapelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Wekeni kando asilimia 2 ya ushuru wa stempu mashambani, 4 mjini. Na ukiambiwa "hati yako itatoka tukimaliza kugawa hati mama," hiyo ni ahadi, bado si shamba.

Kitu kingine kilichonishtua ni ukubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni pungufu kidogo ya thumuni ya eka. Ukinunua katikati ya ploti mia mbili kama hiyo, hujatoroka mji, umeungoja ukufuate. Choo cha jirani kitakuwa karibu na kisima chako, na muziki wake pia. Afadhali watu wanne wapate nusu eka moja mbali na lami, wakiandikiana kwa wakili nani ana kiasi gani na nini kinafanyika mmoja akitaka kutoka. Hilo la kutoka ndilo muhimu.

Nasema hivyo kwa sababu mmoja wetu ametoka. Yule wa dipoziti. Alichukua laki yake na ishirini, akalipia ploti kwingine, na ananiita muoga kwenye grupu. Wazazi wake wako upande wake. Kwao ardhi haiozi, na ukingoja bei inakuacha. Hawajakosea kuhusu bei. Ile ya Kajiado kweli imepanda. Labda baada ya miaka mitano atakuwa na nyumba na mimi niko bado bedsita nikiandika maoni. Nimelifikiria hilo usiku mwingi.

Lakini tumebaki watatu na laki tatu na sitini, na mwezi wa pili, kabla mvua ianze, tunaenda kuangalia mahali upande wa Machakos. Hatupandi gari la mtu. Kila mmoja anabeba hema na mtungi mmoja wa lita 20, wa siku mbili, kila kitu ndani yake, hata kuoga. Atakayeomba maji ya mwingine ananunua chakula cha kurudi.