TUSHINDE KWANZA, TUTASAFISHA BAADAYE?



Katika semina moja ya kamati zetu za Haki na Amani, mwalimu mmoja wa sekondari alisimama akauliza swali lililonyamazisha ukumbi. "Padre," alisema, "mnatufundisha kwamba kumbagua mtu kwa taifa lake na damu yake ni dhambi. Mbona basi serikali zinazojisifu kwa uhuru na haki za binadamu, zikiingia vitani, huwapa bunduki watu wanaohubiri ubaguzi huo huo? Na mbona tukihoji tunaambiwa kwamba tunamsaidia adui?" Alikuwa akisema habari za Ukraine na kikosi kiitwacho Azov. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyepata kuwa askari akamjibu: "Mwalimu, kwanza watu washinde vita. Nyumba hufagiwa moto ukishazimwa." Ukumbi ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Namheshimu mzee yule, tena najua kwamba asemayo ndiyo yasemwayo na mawaziri wengi katika miji mikubwa ya dunia. Lakini jibu lake si jipya. Limekwisha kujaribiwa na serikali nzima, iliyokuwa na watu wema ndani yake, na tunayo kumbukumbu ya jinsi lilivyoishia.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani aliyepigana na Waingereza katika nchi yetu tangu 1914, akiacha nyuma yake maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi, hata akajisalimisha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vitabu vyetu humwachia hapo. Lakini mtu huyu alirudi kwao, akakuta mfalme amekimbia na jamhuri imetangazwa. Madaraka yalikuwa mikononi mwa Friedrich Ebert na chama chake cha Sosial-Demokrasi. Na baada ya uchaguzi wa Januari 1919 walitawala pamoja na waliberali na chama cha Wakatoliki kilichoitwa Zentrum. Naam, wenzetu walikuwamo.

Serikali hiyo ilikuwa na katiba nzuri kichwani, ila mkononi haikuwa na jeshi. Askari wa zamani walikuwa wakitawanyika kurudi makwao. Tarehe 24 Desemba 1918, jeshi lilipotumwa kuwatoa mabaharia waasi katika jumba la kifalme mjini Berlin, lilishindwa. Mfa maji hukamata maji. Ebert na mwenzake Gustav Noske wakayageukia makundi ya hiari yaliyoitwa Freikorps, yaliyoundwa na maofisa waliokuwa wakiichukia jamhuri kwa moyo wote. Mapatano yalikuwa mepesi kueleweka: serikali itoe mishahara, chakula na silaha, maofisa watoe watu walio tayari kuua. Noske hakuwa mfuasi wa siasa zao. Alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Aliona tu kwamba hao ndio waliopo.

Hapa ndipo penye jibu la kwanza kwa mwalimu wetu. Serikali za namna hii haziwapendi watu hao, wala aghalabu hazidanganyiki juu ya imani yao. Huwachukua kwa sababu, katika saa ya udhaifu, mtu aliye tayari kufa ana thamani kuliko mtu mwenye fikra njema aliyebaki nyumbani. Na wenye chuki ya taifa huwa tayari mapema. Wamekuwa wakijizoeza miaka yote huku wengine wakiendelea na kazi zao.

Tena walikuwa watu gani? Jenerali Maercker, miongoni mwa waanzilishi wa kwanza wa vikosi hivyo, aliwahi kutumika hapa pwani kwetu chini ya Wissmann, wakati wa kumzima Abushiri. Von Epp, aliyeongoza kikosi chake kuingia München, alikuwa amepigana Namibia wakati Waherero wakiangamizwa. Watu waliojifunza vita mahali ambapo mpiganaji na mwanakijiji hawakutenganishwa, sasa walikabidhiwa mitaa ya miji yao wenyewe. Ni jambo ambalo sisi Waafrika tungeweza kuwaonya juu yake, lau kama mtu angetuuliza.

Tarehe 15 Januari 1919 maofisa wa kikosi kimoja mjini Berlin waliwaua Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, viongozi wa waasi wa kikomunisti, wakiwa tayari wametiwa mbaroni. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi ya divisheni ile ile ya wauaji. Hukumu zilikuwa za miaka miwili au zaidi kidogo, na ofisa mmoja aliyefungwa akatoroshwa kwenda Uholanzi. Watu wenye heshima zao hawakusononeka sana, maana waliouawa walikuwa wakomunisti. Yamkini hata baadhi ya Wakatoliki walishukuru kimoyomoyo.

Basi na wasikilize yaliyofuata. Mwezi Mei mwaka huo huo vikosi hivyo vilikuwa vimeuteka mji wa München na kuwaondoa wakomunisti. Tarehe 6 Mei vijana wa chama cha mafundi Wakatoliki walikuwa wamekusanyika katika mkutano wao. Askari wa serikali wakawadhania kuwa ni waasi, wakawakamata, wakawaburuta hadi katika chumba cha chini ya ardhi, wakawaua watu ishirini na mmoja. Hawakuwa wamefanya lolote. Walikuwa vijana wa aina ile tunayoiona Jumapili nyuma ya kanisa, wenye mikono migumu ya useremala na uashi. Mtu aliyefundishwa kwamba upande mmoja wa watu hauna haki ya kuishi, hasimami kuuliza vizuri kila mmoja yuko upande gani.

Mataifa yaliyoshinda vita nayo yasijitoe katika hesabu hii. Mkataba wa kusimamisha vita wa 11 Novemba 1918 ulikuwa na kifungu cha 12 kilichowataka askari wa Kijerumani wabaki katika nchi zilizokuwa za Urusi mpaka Uingereza, Ufaransa na wenzao waone wakati umefaa, maana hawakutaka kupeleka vijana wao wenyewe kupigana na Wabolsheviki. Kwa hiyo serikali changa ya Latvia ikawapokea watu wa Freikorps kama walinzi wake. Tarehe 16 Aprili 1919 walinzi hao waliipindua serikali waliyokuja kuilinda, na waziri mkuu Ulmanis akajisalimisha kwa ulinzi wa manowari za Waingereza. Anayepigana kwa damu ya watu wengine hachagui sana ni damu ya nani.

Sasa turudi kwa mzee wetu na ufagio wake. Noske alijaribu kufagia. Mwishoni mwa Februari 1920, akibanwa na Mkataba wa Versailles uliotaka jeshi lipunguzwe hadi watu 100,000, aliamuru brigedi ya majini ya Kapteni Ehrhardt ivunjwe. Jibu lilikuja tarehe 13 Machi. Brigedi iliingia Berlin kwa miguu, wengi wakiwa na alama ya swastika kwenye kofia zao za chuma, ikamweka Wolfgang Kapp madarakani. Waziri wa ulinzi alipotaka jeshi liwazuie, Jenerali von Seeckt alikataa kuwaamuru askari wa Ujerumani kuwapiga risasi askari wenzao. Serikali ilikimbilia Dresden, kisha Stuttgart. Na von Lettow-Vorbeck wetu? Alikuwa jemadari huko Mecklenburg, akawaunga mkono waasi, na kwa ajili hiyo akapoteza nafasi yake jeshini.

Waliookoa jamhuri walikuwa wafanyakazi kwa mgomo mkuu, wala si jeshi. Kapp alianguka baada ya siku nne. Na hapo, ndugu zangu, ndipo pa kustaajabisha kuliko pote: wafanyakazi wa bonde la Ruhr walipokataa kuweka silaha chini, serikali iliyookolewa na mgomo iliwatumia dhidi yao vikosi, kikiwamo cha Loewenfeld, ambacho wiki chache tu zilizopita kilikuwa upande wa Kapp. Katika viongozi wote wa mapinduzi yale, aliyehukumiwa kifungo ni mmoja.

Mtaalamu wa hesabu Emil Gumbel alikaa chini akayahesabu mauaji ya kisiasa ya miaka ile minne hadi 1922. Alipata 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, na katika hayo 326 hayakuadhibiwa. Ya mrengo wa kushoto yalikuwa 22, na yaliyokwepa adhabu manne. Hiyo ndiyo bei halisi ya kuwavumilia. Kikosi kinaweza kuvunjwa kwa barua moja. Hakimu aliyezoea kuangalia pembeni habadiliki kwa barua.

Ni kwa macho haya naitazama Ukraine, na hapa sharti niseme kwa haki. Uvamizi wa Urusi wa Februari 2022 ni dhuluma, na nchi ile ina haki ya kujilinda. Anayesema kwamba Waukraine ni Wanazi hana ushahidi: rais wao, aliyechaguliwa 2019 kwa kura zipatazo asilimia 73, ni Myahudi, na mwaka ule ule vyama vya mrengo mkali wa kulia vilivyoungana havikufikisha asilimia tatu. Urusi yenyewe, inayodai imekwenda kuwafukuza Wanazi, imepigana bega kwa bega na kundi la Rusich ambalo viongozi wake hawakuificha imani yao ya Kinazi. Huo ni unafiki, na uitwe hivyo.

Lakini unafiki wa jirani hauoshi uso wangu. Azov ilianzishwa Mei 2014, jeshi la taifa likiwa limedhoofika na miji ya mashariki ikitwaliwa. Mwanzilishi wake, Andriy Biletsky, alikuwa kiongozi wa makundi yenye siasa za ubora wa damu. Novemba mwaka huo kikosi kiliingizwa katika Walinzi wa Taifa. Bunge la Marekani lilizuia fedha zake zisikifikie tangu 2018. Mwaka 2024 Marekani ikaondoa zuio la kukipa silaha. Watetezi husema kwamba wa leo si wale wa 2014, kwamba mwanzilishi aliondoka kikosini mapema, na kwamba waliozingirwa Mariupol mwaka 2022 walipigana kwa ujasiri. Ujasiri wao siukatai. Hata watu wa Ehrhardt walikuwa majasiri.

Ninachouliza ni kile ambacho Ujerumani haikuuliza kwa wakati: je, sheria inawafikia? Ukraine imepata kuonyesha kwamba inawezekana, na tena vita vikiwa vimekwisha kuanza. Kikosi cha polisi kilichoitwa Tornado kilivunjwa, na mwaka 2017 viongozi wake walihukumiwa vifungo kwa kuwatesa raia. Mbele ya kesi ile, hoja ya kwamba haki haina budi kungoja ushindi inakosa miguu. Na wale wa Ulaya na Marekani wanaopeleka silaha wanao uwezo wa kudai hivyo kila zinapopakiwa. Wakinyamaza, wasituambie kwamba walilazimishwa na vita.

Mzee wetu alinifuata baada ya semina, akaniambia kwamba nimemzunguka kwa historia. Nikamsimulia habari za mtu ambaye ukumbini sikumtaja. Matthias Erzberger alikuwa Mkatoliki, mbunge wa Zentrum, na ndiye aliyetia sahihi kusimamishwa kwa vita mwaka 1918, jambo ambalo wazalendo wakali hawakumsamehe. Tangu Juni 1919 hadi Machi 1920 alikuwa waziri wa fedha. Miezi hiyo ndiyo brigedi ya Ehrhardt ilipokuwa ikila mshahara wa hazina ya taifa. Tarehe 26 Agosti 1921 Erzberger alikuwa akitembea na rafiki yake karibu na Bad Griesbach, katika Msitu Mweusi, vijana wawili wakamfuata, wakampiga risasi hadi akafa. Wote wawili walikuwa wametumika katika brigedi ile. Walitorokea nje ya nchi, wakapata msamaha Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, na hawakuhukumiwa mpaka baada ya 1945.

Mzee alinyamaza kidogo, akauliza kama marehemu aliacha watoto. Nikamwambia ndiyo, mmoja wao alikuwa mtawa.