Kinubi na Maneno Yake

Watu wengi wakisikia neno kinubi humkumbuka Mfalme Daudi, au malaika wanaochorwa juu ya kadi za Krismasi, wakadhani ya kuwa chombo hicho ni cha kuwabembeleza watu walale. Hata kinubi cha Wakelti aghalabu hutumiwa hivyo siku hizi, kwenye arusi na hoteli za Ulaya: sauti laini tu, pasipo neno hata moja. Mimi naona hiyo ni hasara, na napenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu zangu.

Wakelti ninaowataja ni watu wa Ayalandi, Uskoti, Wales, na Bretagne, ile pembe ya magharibi ya Ufaransa. Kinubi chao ni kidogo. Mpigaji hukiegemeza begani. Zamani huko Ayalandi nyuzi zake zilikuwa za shaba, zikipigwa kwa kucha ndefu, na sauti yake ilikawia kufa. Mpiga filimbi ameziba kinywa chake mwenyewe, lakini mpiga kinubi kinywa chake ki huru. Ni kweli kwamba katika majumba ya wakuu wa kale mshairi alikuwa mtu mmoja, wa kulighani shairi mwingine, na wa kinubi mwingine. Lakini hata hapo kinubi kilikuwa mtumishi wa maneno.

Sasa tazameni yaliyotokea Belfast mwezi wa Julai, 1792. Wenyeji wa mji ule waliona kwamba wapiga vinubi wa zamani wanakwisha, wakawaita wote wajao. Walikuja kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales, na wengi wao walikuwa vipofu, maana kinubi kilikuwa kazi ya riziki kwa mtoto aliyepofuka. Mmoja, Denis Hempson, alisemekana kuwa na umri wa miaka 97, naye peke yake alikuwa bado akipiga kwa kucha kama wazee wake. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda cha kanisani, aliajiriwa aandike tuni zao. Aliandika kwa bidii sana, na mwaka 1796 akatoa kitabu cha tuni 66.

Bila Bunting tungekuwa na kidogo mno, wala simdharau. Lakini kitabu kile kilipangwa kwa ajili ya piano, wala hakikuwa na maneno. Bunting hakuwa msemaji wa Kiayalandi. Masikio yake yalishika tuni, maneno yakapita kama upepo. Mwaka 1802 alimtuma mtu aitwaye Patrick Lynch, mjuzi wa lugha ile, aende upande wa magharibi ya nchi kuyatafuta maneno. Lynch akaleta nyimbo nyingi. Je, zilipigwa chapa? Kitabu cha pili kilipotoka mwaka 1809, kilikuwa na mashairi ya Kiingereza! Na tangu mwaka 1808 Thomas Moore naye alikuwa akizichukua tuni za Bunting na kuzivika maneno yake ya Kiingereza, akapata sifa kubwa. Maneno ya Kiayalandi aliyoyakusanya Lynch yalikaa katika makaratasi zaidi ya miaka mia moja kabla ya kutolewa, na wakati huo wengi wa wale ambao wangeyaimba bila kufundishwa walikuwa wamekwisha kufa.

Mtu aweza kuniuliza: Wasikilizaji wasiojua lugha watafaidi nini? Jibu langu ni Alan Stivell. Baba yake, mtu wa asili ya Bretagne aliyekaa Paris, alimaliza kutengeneza kinubi cha Kikelti mwaka 1953, akampa mwanawe wa miaka tisa. Wakati huo Kibretoni kilikuwa kikidharauliwa. Katika shule za Bretagne mtoto aliyenaswa akikisema alikuwa ameanza zamani kuvishwa kitu shingoni kama alama ya aibu. (Wazee wetu wa Kenya waliosoma shule za zamani hawahitaji kuelezwa alama hiyo ni nini.) Stivell, ingawa alikulia Paris, alijifunza lugha ya babu zake, na mwezi wa Februari 1972 akaimba kwa Kibretoni katika jumba la Olympia mjini Paris, mbele ya watu ambao wengi hawakijui. Walishangilia, na sahani ya santuri ya usiku ule ilienea sana. Baada ya hapo vijana wengi wa Bretagne hawakuona haya tena.

Mary O'Hara wa Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1935, aliimba na kinubi chake kwa Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kiingereza pia. Yafaa tujue kwamba mama huyu, baada ya kuacha kuimba hadharani mwaka 1994, aliishi Tanzania miaka kadhaa pamoja na mumewe. Loreena McKennitt wa Kanada huimba zaidi kwa Kiingereza, wala sina ugomvi naye: ndiyo lugha aliyolelewa nayo, na kila neno lake lasikika.

Kinubi si mgeni kwetu. Waganda wana ennanga, kinubi cha nyuzi nane, ambacho mpigaji wake katika jumba la Kabaka alikuwa mwimbaji vilevile. Nasi leo, mwenye simu huweza kumnasa mzee yeyote akipiga na kuimba, akafurahi kwamba amehifadhi mila. Simu hunasa sauti, lakini haiulizi neno hili maana yake nini, wala nani anasifiwa hapa. Kijana atakayeisikiliza miaka 50 ijayo atakuwa kama Bunting.

Basi naleta ombi kwa Chama cha Muziki cha shule yetu. Likizo hii, kila mwanachama atakayemnasa mwimbaji wa kijijini kwao achukue pia daftari. Akisha kuomba ruhusa, ayaandike maneno katika lugha yenyewe, mstari kwa mstari, na chini yake maana kwa Kiswahili, huku mwimbaji yupo amsahihishe. Madaftari yakusanywe juma la kwanza la muhula na kuwekwa maktabani, karibu na mashairi, si katika sanduku la ngoma.